Mitindo Mingi Haimfanyi Bondia Kuwa Kamili

Kuna imani iliyoota mizizi kwenye kambi zetu za ngumi, kwenye vipindi vya michezo vya redio na miongoni mwa mashabiki wanaokesha kutazama mapambano ya Las Vegas na Riyadh. Imani hiyo inasema kwamba bondia anayeweza kumkabili mpinzani wa aina yoyote ni yule mwenye mitindo mingi: raundi hii anasimama kulia, inayofuata anasimama kushoto, sasa anacheza kwa mbali akizunguka ulingo, mara anaingia ndani kufumua mbavu. Kwa imani hiyo, kijana ambaye hajatimiza hata mwaka mmoja kambini anafundishwa kubadilisha miguu. Anarekodiwa akipiga padi kwa kasi ya kupendeza macho, video inazunguka kwenye simu za watu, na mtaa mzima unakubaliana kwamba huyu amekamilika.

Naipinga imani hiyo kwa nguvu zote, kwa sababu wanaoilipia ni vijana, na wanailipia kwa vichwa vyao. Bondia anayeweza kupigana na kila aina ya mtu ana mambo machache aliyoyajua hadi mwisho: miguu yake, mkono wake wa mbele na umbali wake. Kisha amekutana na watu wengi wasiofanana, akalazimika kuyatumia mambo hayohayo kutoa majibu tofauti. Uwezo wa kubadilika unazaliwa hapo. Mitindo mingi isiyo na msingi huo ni mapambo, nayo hupukutika raundi ya kwanza kijana anapokutana na mtu anayeijua kazi.

Tumtazame Oleksandr Usyk wa Ukraine. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki London mwaka 2012, kisha akaingia ngumi za kulipwa. Julai 2018, mjini Moscow, alikamilisha mikanda yote minne ya uzito wa kruza kwa kumshinda Murat Gassiev, mpigaji mzito anayemfuata mtu hatua kwa hatua. Akapanda uzito wa juu. Akamshinda Anthony Joshua mara mbili, London Septemba 2021 na Jeddah Agosti 2022. Akamshinda Tyson Fury mara mbili jijini Riyadh, Mei na Desemba 2024. Julai 2025 akamwangusha Daniel Dubois raundi ya tano pale Wembley. Watu hawa hawafanani kwa urefu, kwa kasi wala kwa namna ya kushambulia. Usyk aliwakabili wote akiwa na msimamo uleule wa kushoto, mkono wa kulia mbele, na hatua fupifupi zisizokoma.

Alichobadilisha ni kipimo. Mbele ya Joshua alisogea upande kila mara ili ngumi ya kulia ya Mwingereza yule isipate mahali pa kutua. Mbele ya Fury, mwenye urefu wa mita 2.06, aliendelea kubana nafasi hata pale alipokuwa akipigwa mwilini, mpaka raundi ya tisa ya pambano la kwanza alipomyumbisha kwa mkono wa kushoto, Fury akaanguka kwenye kamba na mwamuzi akamhesabia. Na Fury ndiye bondia anayetajwa mara nyingi kila watu wanapozungumzia mitindo mingi. Husimama kulia, hugeuka akasimama kushoto, hucheza na kamba, huvuta mtu kifuani. Mara mbili mfululizo mwenye mitindo mingi alishindwa na mwenye msimamo mmoja.

Watetezi wa imani hii hunijibu kwa mapambano ya Fury na Deontay Wilder. Desemba 2018 Fury alicheza kwa mbali, wakatoka sare. Februari 2020 alibadili kocha, akaingia kwa kushambulia, na kona ya Wilder ikarusha taulo raundi ya saba. Si ushahidi huo kwamba mtindo wa pili ndio uliomwokoa? Hapana. Rudieni kuyatazama mapambano hayo mawili. Jebu iliyomweka Wilder mbali mwaka 2018 ndiyo iliyomfungulia Fury njia ya kuingia mwaka 2020. Kichwa kiliendelea kusogea vilevile. Alichogeuza ni umbali alioutaka na mwelekeo wa hatua zake, naye aliweza kuugeuza kwa sababu alikuwa na jebu na miguu tangu zamani. Mpe kocha huyohuyo kijana asiye na jebu, umwambie aingie kwa Wilder, halafu uone kama atafika raundi ya pili.

Hoja yao nzito zaidi ni Terence Crawford wa Omaha, na hoja nzito haikwepwi. Crawford ni mtu wa mkono wa kulia aliyepigana kushoto kwa ustadi wa ajabu. Juni 2014 Yuriorkis Gamboa alimsumbua kwa kasi katika raundi za mwanzo. Crawford akageuza miguu, akamdondosha mara nne, na pambano likaishia raundi ya tisa. Julai 2023 alimvunja Errol Spence kwa raundi tisa. Septemba 2025 alipanda madaraja mawili ya uzito na kumshinda Canelo Álvarez kwa pointi. Nani atakataa kwamba kugeuza miguu kulimsaidia? Mimi sikatai. Nasema hivi: Crawford alipogeuka, hakugeuka kuwa mtu mwingine. Jebu yake ya mkono wa kulia ilikuwa kali sawa na ya mkono wa kushoto, miguu yake haikujikwaa, na macho yake yaliendelea kusoma kitu kilekile, yaani wakati ambao mpinzani anajitoa kwenye kinga ili apige. Alijenga msingi huo pande zote mbili kwa miaka mingi. Vijana wetu wanaiga kugeuka kwake kabla hawajapata hata upande mmoja. Mshika mawili moja humponyoka, na kwa bondia kinachoponyoka mara nyingi ni fahamu zake.

Hata kwa bingwa aliyeiva, kugeuza miguu bila sababu kuna gharama. Marvin Hagler alitawala uzito wa kati kwa karibu miaka saba, na uwezo wake wa kupigana pande zote ulisifiwa kila mahali. Aprili 6, 1987, dhidi ya Sugar Ray Leonard, alianza akiwa amesimama kulia ilhali nguvu yake kubwa ilikuwa kushoto. Raundi za mwanzo zikamponyoka. Aliporudi kwenye upande wake alimbana Leonard barabara, lakini majaji walikwisha kuandika, na Hagler akapoteza mkanda kwa uamuzi wa majaji wawili dhidi ya mmoja. Hakupigana tena. Wachambuzi wengi hadi leo wanazitaja raundi zile za mwanzo kuwa ndizo zilizompotezea ubingwa.

Leonard mwenyewe anatufundisha zaidi. Juni 20, 1980, mjini Montreal, alikubali kupigana pambano la Roberto Durán: kifua kwa kifua, raundi 15, nguvu kwa nguvu. Alishindwa kwa pointi. Novemba 25 mwaka uleule, New Orleans, alizunguka, akapiga na kuondoka, akamfanya Durán apige hewa mpaka Mpanama yule akageuka na kukataa kuendelea raundi ya nane. Watu husema Leonard alikuja na mtindo mpya. Miezi mitano haitoshi kumpa mtu miguu mipya. Miguu ile alikuwa nayo tangu alipotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1976, tena katika Montreal hiyohiyo. Alichokosa kwenye pambano la kwanza ni uamuzi: aliacha mpinzani amchagulie umbali. Kwenye la pili aliuchagua mwenyewe.

Joe Louis pia aliokolewa na jambo dogo. Mwaka 1936 Max Schmeling aligundua kwamba Louis akishatupa jebu huushusha mkono wake wa kushoto, na juu ya mkono huo uliolegea akapitisha ngumi zake za kulia mpaka alipomwangusha raundi ya 12. Miaka miwili baadaye Louis alimmaliza raundi ya kwanza. Alikuwa Louis yuleyule, mwenye hatua zilezile fupi za kumfuata mtu na jebu ileile. Hakwenda kutafuta mtindo mwingine; alirekebisha kosa lile dogo la mkono, na dunia nzima iliona matokeo.

Sasa twende Kinshasa, kwa sababu pambano la Oktoba 30, 1974 ndilo linalotumiwa zaidi kuwapotosha vijana. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. George Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mapambano 40 bila kushindwa, 37 kati ya hayo kwa KO. Foreman alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja kwa raundi mbili, na wote wawili walikuwa wamewahi kumshinda Ali. Simulizi maarufu inasema Ali aliegemea kamba, akapigwa mpaka Foreman akachoka, basi. Simulizi hiyo imesahau kazi aliyoifanya Ali. Raundi ya kwanza alimwanzia Foreman kwa ngumi za kulia zilizonyooka, jambo ambalo Foreman hakulitarajia. Aliporudi kwenye kamba alijivuta nyuma kwa kiuno na kuziacha ngumi nyingi zipite au zitue mikononi. Kila Foreman alipokaribia alimshika shingo na kumwelemea, akamfanya aubebe uzito wake. Na katikati ya hayo yote aliendelea kupiga ngumi fupi zilizonyooka, ambazo majaji waliziona na Foreman alizisikia. Kona yake ilimpigia kelele atoke kwenye kamba. Alibaki, kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwisha kumsoma mtu aliye mbele yake. Raundi ya nane alitoka kwenye kamba, na mkono wake wa kulia ukamaliza kazi.

Kujua umbali hadi kwenye ncha ya ngumi, kumsoma mtu, kushika bila kuogopa, kutulia wakati ukumbi mzima unapiga kelele: Ali hakuyaokota hayo usiku ule wa Kinshasa. Aliyapata katika miaka 14 ya ngumi za kulipwa, yakiwemo mapambano aliyoshindwa na Frazier mwaka 1971 na Norton mwaka 1973, na katika saa nyingi za sparingi alizokuwa akiwaacha wenzake wamshambulie kwenye kamba. Kijana wa leo anayeegemea kamba kwa kumwiga Ali bila vitu hivyo anajiua.

Kwa nini msingi mmoja unatosha kujibu maswali mengi? Kwa sababu wapinzani, hata wawe wa aina gani, wanamletea bondia matatizo yaleyale matatu: nafasi, wakati na mizani. Anayeshambulia mfululizo anataka kukunyang'anya nafasi. Ukirudi nyuma kwa mstari ulionyooka amekupata. Ukipiga hatua moja ya pembeni na kugeuka, yeye ndiye anayejikuta amekosa pa kupiga, na kazi yote imefanywa na miguu. Mrefu mwenye mikono mirefu anataka kukuweka mwisho wa jebu yake. Unamfikia kwa kusogea nyuma ya jebu yako mwenyewe, kichwa kikihama kila unapopiga, na ngumi ya kwanza ukiielekeza kifuani au tumboni, mahali ambapo mrefu hawezi kujikunja haraka. Anayengoja upige ili akujibu anataka ujitoe. Humpi anachokingoja: unadanganya kwa bega, unagusa kwa jebu bila kujitoa, unamlazimisha aanze yeye.

Bondia wa kushoto ndiye anayewatisha wengi, na hapo ndipo makocha wengine hukimbilia kumgeuza kijana wao naye asimame kushoto. Hakuna haja. Tatizo la mtu wa kushoto ni miguu ya mbele inayogongana na mikono ya mbele inayozuiana. Bondia anayejua kuuweka mguu wake wa mbele nje ya mguu wa mwenzake hupata njia iliyonyooka ya ngumi ya kulia, na mwenzake hupotewa na njia yake. Anayejua kuutumia mkono wa mbele kuusukuma, kuushusha na kuuzuia mkono wa mpinzani ameshaanza kulitawala pambano. Jebu, hatua na umbali ni vilevile, pembe tu ndiyo imehama.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umetoka Lubumbashi. Sumbu Kalambay alizaliwa huko mwaka 1956, akaenda kuishi na kupigana Italia. Alikuwa bondia aliyenyooka, mwenye jebu safi na miguu mizuri, aliyemhusudu Ali. Mei 1987, pale Wembley, alikutana na Herol Graham, bondia wa kushoto aliyekuwa na mwili usiopigika, ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Alimshinda. Oktoba mwaka huohuo, Livorno, alikutana na Iran Barkley wa Bronx, mtu wa kusukuma na kupiga kwa hasira, wakigombea mkanda wa dunia wa WBA wa uzito wa kati. Alimshinda kwa pointi. Machi 1988, Pesaro, alikutana na Mike McCallum, fundi wa Jamaika aliyekuwa bingwa wa kupiga mwili na ambaye naye hakuwa amewahi kushindwa. Alimshinda. Watu watatu wasiofanana kwa lolote, ndani ya miezi kumi, na Kalambay alikuwa Kalambay yuleyule: jebu, hatua, pembe, jebu tena. Barkley huyohuyo, miezi michache baada ya pambano la Pesaro, alimwangusha Thomas Hearns.

Mwaka 1989 Kalambay aliangushwa raundi ya kwanza na Michael Nunn huko Las Vegas. Wapo wanaolitumia pambano hilo kusema kwamba msingi haumlindi mtu. Hakuna kinachomlinda bondia dhidi ya ngumi moja iliyotua mahali pake. Ngumi ni ngumi. Swali letu ni nani anayejipa nafasi ya kushinda mbele ya watu wengi zaidi wasiofanana, na kwa swali hilo mwana wa Lubumbashi ana jibu ambalo mabingwa wengi wenye majina makubwa hawana.

Nusu ya pili ya hoja yangu ni wapinzani. Msingi usiokutana na maswali tofauti hulala. Vasiliy Lomachenko aliingia ngumi za kulipwa akiwa na ushindi 396 na kushindwa mara moja katika ngumi za ridhaa, na dhahabu mbili za Olimpiki. Katika pambano lake la pili tu, Machi 2014, alishindwa na Orlando Salido, mkongwe wa Mexico aliyembana, akampiga chini ya kiuno na kumshika kwa ujanja wa ngumi za kulipwa. Lomachenko alikuwa amekutana na kila aina ya bondia isipokuwa ile. Baada ya hapo alitwaa mikanda katika madaraja matatu ya uzito. Miguu ilikuwepo tangu awali. Alichoongeza ni kukutana na watu wa namna ile.

Afrika Mashariki ilikuwa na shule ya jambo hili, nayo ilikuwa ngumi za ridhaa. Katika mashindano makubwa kijana hukutana leo na Mcuba, keshokutwa na Mkorea, siku inayofuata na Mpolandi, bila kuchaguliwa wala kubembelezewa mpinzani. Philip Waruinge wa Kenya alipitia shule hiyo. Mexico mwaka 1968 alipata shaba, na bado akapewa tuzo ya Val Barker ya bondia mwenye ufundi bora kuliko wote wa mashindano yale. Titus Simba aliiletea Tanzania fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh mwaka 1970. Ayub Kalule wa Uganda alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa Havana mwaka 1974, kisha bingwa wa dunia wa kulipwa mwaka 1979. Stephen Muchoki alitwaa ubingwa wa dunia Belgrade mwaka 1978. Robert Wangila alipata dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, na Michael Yombayomba dhahabu ya Jumuiya ya Madola Kuala Lumpur mwaka 1998. Hatukuwa na vifaa kuwazidi wengine. Tulikuwa na vijana waliokutana na dunia mapema.

Leo njia imegeuzwa. Kijana anakimbizwa kwenye ngumi za kulipwa kabla hajakomaa. Anatafutiwa wapinzani wanaofanana: wafupi kumzidi, wachovu, wasio na mazoezi, waliokuja kuanguka. Rekodi inanenepa. Mapromota wanaitangaza, mashabiki wanaimba, na kijana anaamini ana mitindo yote kwa sababu kila alichojaribu kilifanya kazi. Siku anapopandishwa ndege kwenda kupigana ugenini anakutana na jebu moja tu iliyonyooka, na mitindo yote inatoweka. Kisha tunarudi redioni kusema alikosa bahati, au kwamba mtindo wa mzungu ulimkataa.

Na wapo watakaosema yote haya ni kipaji: Ali alizaliwa hivyo, Crawford alizaliwa hivyo, asiyejaliwa hajaliwi. Kipaji kipo. Lakini ukikubali kwamba kipaji ndicho kinachoamua, umemwondolea kocha wajibu wake na kijana tumaini lake. Kasi ya mkono huweza kuzaliwa nayo. Kuuweka mguu mahali panapofaa mbele ya mtu wa kushoto hakuna aliyezaliwa nako. Kunafundishwa, kunarudiwa, kunachosha, na hakupendezi kwenye video. Ndiyo maana kunaachwa.

Basi makocha wa Manzese na Keko, wa Mathare na Katwe, mnaofanya kazi hii kwa mapenzi na mara nyingi bila malipo: mwacheni kijana na msimamo mmoja mpaka jebu yake iwe inamuumiza mtu na miguu yake ipige pembe bila kufikiri. Msimgeuze kabla ya hapo. Acheni kusparingi wenyewe kwa wenyewe mwaka mzima. Kambi ikikutana na kambi kila wiki, kijana atapambana na mrefu, mfupi, wa kushoto na mkaidi bila kulipia nauli ya ndege. Kila sparingi iwe na swali: leo usirudi nyuma hata hatua moja, kesho usitumie mkono wa kulia kabisa. Vyama vya ngumi viyarudishie mashindano ya ridhaa heshima yake, ya mikoa na ya majirani, maana samaki mkunje angali mbichi. Na mapromota wachague wapinzani kwa aina, mmoja baada ya mwingine, hata kama katika safari hiyo kijana atashindwa pambano moja au mawili. Ali alishindwa. Leonard alishindwa. Louis alishindwa. Rekodi isiyo na doa dhidi ya watu wa aina moja inawafaa wauza tiketi. Bondia mwenyewe haimfundishi kitu. Mashabiki nao wana wajibu: siku mtakapomshangilia kijana kwa hatua ya pembeni aliyoipiga kwa wakati wake kama mnavyomshangilia kwa padi za kasi, makocha watapata sababu ya kufundisha hatua hiyo, na mabondia wetu watakwenda ugenini wakiwa na jibu la kumpa yeyote watakayemkuta ulingoni.